Jino lilelile, mbele na nyuma

Seremala mmoja wa Majengo, hapa Goma, aliniletea msumeno wake wa meza juzi. "Fundi, nimeweka beringi mpya, lakini bado inachoma mbao." Alinionyesha ubao wa mkaratusi, ukingo mmoja mweusi tii.

Kwanza nilichomoa waya. Kuitegemea swichi hakutoshi mjini kwetu: umeme ukikatika mashine ikiwa imewashwa, ukasahau kuizima, ukirudi diski yenye meno inazunguka yenyewe, na vidole vyako viko pale.

Nilitoa mkanda nikazungusha shafti kwa mkono. Laini, haina mlio. Beringi zilikuwa za namba 6204, zenye mpira pande zote mbili, na alizipiga vizuri, kwa bomba linalogusa ringi ya ndani peke yake. Ukigonga ringi ya nje wakati unaingiza beringi kwenye shafti, nguvu yote inapita kwenye gololi, zinaacha vishimo kwenye njia yake, na haichukui muda inaanza kulia.

Basi nikaangalia flanji, ule uso wa chuma ambao diski inauegemea. Nilipitisha ukucha, ukakwama: punje ya vumbi la lava imegandia kwenye utomvu. Watu huidharau punje kama hiyo. Lakini flanji ina upana wa milimita 60 na diski 300, mara tano. Punje ya milimita 0.05 kwenye ukingo wa flanji inaifanya diski iyumbe robo milimita kule kwenye meno. Nilisafisha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikakausha, nikafunga nati kwa kiasi tu, maana inajikaza yenyewe kazini.

Kuyumba kukaisha. Kuungua je? Alipofungua shafti alilegeza pia bolti zinazoshika kitako chake chini ya meza, na hapo unyoofu wote ulipotea.

Nilitia alama ya chaki kwenye jino moja. Nikapima umbali wake hadi mfereji wa meza, ule ulionyooka kando ya diski, likiwa mbele, nikaizungusha diski hadi jino lilelile likafika nyuma, nikapima tena. Ukipima jino lingine huko nyuma, unapima kupinda kwa diski, si mwelekeo wa shafti. Tofauti ilikuwa milimita 0.6: nyuma ya diski ilikuwa imeuelekea ule uzio unaoongoza ubao, ikiubana ubao na kuusugua. Moshi ulitoka hapo.

Nililegeza bolti tatu, ya nne nikaiacha imeshika kidogo, nikagonga kitako kwa nyundo ya mbao. Pole pole, kipimo kila mara, mpaka tofauti ikabaki 0.1. Kisha nikakaza kwa kupishana, kona hii na ya mkabala wake, nikapima upya, kwa sababu bolti ikikazwa huvuta kitako. Kweli ilikivuta, nikarudia mara mbili.

Uzio niliupanga mwisho, sambamba na mfereji huohuo. Alipasua ubao uleule wa mkaratusi, akapitisha kiganja kwenye ukingo, akaita kijana wake aje aguse.