Wakaguzi wa hospitali wanadanganywa na deki?

Huku kwetu Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, ukikaa benchi la wagonjwa wa nje ukasikia harufu ya dawa ya kudekia imezidi lazima mtu aseme "leo wakaguzi wanakuja", na wengi tunaamini ukaguzi wenyewe ndo huo, deki ya asubuhi moja, mashuka mapya, wakiondoka yanarudi yale yale.

Sio kwamba watu wametunga, kujiandaa kupo kweli. Ila deki haizibi dari linalovuja. Godoro lililochanika raba mpaka sponji limekunywa damu huwezi kulificha kwa shuka, mkaguzi analifunua tu, anafungua bomba aone kama linatoa maji, anasukuma mlango wa choo aone komeo, anauliza mgonjwa jana amekula nini. Uingereza tangu 2013 ukaguzi wa mazingira ya wodi unataka angalau nusu ya timu wawe wagonjwa na raia wa kawaida, sio wataalamu, maana anayejua adha ya kulala bila pazia ni aliyelala.

Hata wewe ukienda kumuona mgonjwa unaweza kuangalia: sabuni ipo kwenye sinki? sindano zilizotumika zina boksi lake au zimetupwa na maganda ya ndizi? Nenda siku mbili tofauti, ikiwezekana Jumapili jioni, hapo ndo utaona. Mi huwa naanza na choo.