Mashahidi wengi wa Bigfoot, je, waliona nini?

Wengi huamini kwamba wingi wa taarifa za kumwona Bigfoot, jitu lenye manyoya la misitu ya Marekani, unathibitisha kuwa yupo. Sivyo. Mwaka 2009 mwanabiolojia Jeffrey Lozier na wenzake walichora ramani ya taarifa hizo katika majimbo ya Washington, Oregon na California. Ikalingana mno na makazi ya dubu weusi. Mwaka 2024 mtafiti Floe Foxon akaonyesha kuwa, hata ukizingatia idadi ya watu na ukubwa wa misitu, penye dubu wengi taarifa nazo huongezeka. Dubu huyo husimama kwa miguu miwili akinusa hewa. Akitembea, mguu wa nyuma hukanyaga alama ya ule wa mbele, zikaonekana unyayo mmoja mrefu ajabu. Kuwaita mashahidi waongo ni kuwaonea: huenda wengi wao waliona mnyama halisi kabisa.