"Sikujua" mbele ya hakimu: hapa Uganda na ugenini

Katika kazi ya msaada wa kisheria mipakani, hakuna neno tunalolisikia mara nyingi kama "sikujua". Analisema dereva wa lori Malaba, mama mchuuzi wa Busia, mkimbizi kutoka Kongo anayeanza maisha Nakivale, na kijana aliyerudishwa kutoka nchi za Ghuba. Mara nyingi wanasema kweli, hawakujua. Swali ni je, ukweli huo unatosha kumwachia mtu huru?

Sheria ya Uganda inajibu hapana. Sheria ya Makosa ya Jinai, iliyoanza kutumika tarehe 15 Juni 1950, inatamka kwamba kutoijua sheria si utetezi, isipokuwa pale ambapo sheria yenyewe imesema wazi kwamba kosa halitimii mpaka mtendaji awe anaijua. Kenya na Tanzania wana kifungu kinachofanana na hicho karibu neno kwa neno, kwa kuwa sheria zetu zote tatu za jinai zilitungwa chini ya Mwingereza.

Msimamo huo ni mkali, lakini una sababu. Kama kutojua kungemwokoa mtu, basi aliyeziba masikio yake angekuwa salama kuliko jirani yake aliyejisumbua kuuliza. Tena mwendesha mashtaka angetakiwa athibitishe kilichokuwa kichwani mwa kila mshtakiwa kuhusu kila kifungu, jambo lisilowezekana. Na aliyeibiwa au kuumizwa angeambiwa nini? Kwamba maumivu yake si kitu, maana aliyemuumiza hakusoma sheria?

Hata hivyo wengi wanachanganya mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha. Kutojua sheria ni jambo moja, kutojua hali halisi ni jambo jingine. Mwendesha boda boda anapewa gunia na mteja anayemwamini, anaambiwa ni maharagwe, kumbe katikati mna bangi. Huyu hadai kwamba hakujua bangi imekatazwa. Anadai hakujua kwamba amebeba bangi. Sheria yetu inampa nafasi: mtu aliyetenda kwa imani ya kweli na yenye mantiki kuhusu hali fulani, ingawa imani hiyo haikuwa sahihi, anahukumiwa kana kwamba hali ilikuwa vile alivyoamini. Maneno "yenye mantiki" ndiyo yenye kazi hapo. Kama gunia lilikuwa linanuka, malipo yalikuwa mara kumi ya kawaida na mteja akakataa kutaja jina lake, hakimu atamwuliza kwa nini hakushtuka.

Upo pia utetezi wa mtu aliyeamini kwa dhati kwamba mali ni yake. Tunaukuta sana kwenye migogoro ya mashamba. Ndugu wawili wanagombania mpaka, mmoja anakata mikungu ya matoke upande anaoamini kuwa ni urithi wake, mwingine anakimbilia polisi kuripoti wizi. Ikiwa aliyekata aliamini kweli kuwa ni haki yake, hakujificha wala hakukusudia kudanganya, hilo si la jinai. Ni la mpaka, likaamuliwe kwa wazee, kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, au kwenye mahakama ya madai. Nasikitika kila ninapomkuta mtu rumande kwa shauri la namna hii kwa sababu tu hakuna aliyemweleza aseme nini.

Kanuni hii kuu, kwamba kutojua sheria si utetezi, haikuanza leo, na haijawahi kuwatuliza hata majaji wenyewe. Mwaka 1800, Uingereza, nahodha mmoja alishtakiwa kwa sheria iliyopitishwa Bungeni wakati yeye akiwa baharini, ambako habari zisingeweza kumfikia. Majaji walimtia hatiani, kisha wakapendekeza asamehewe. Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi. Katika shauri la De Blom la mwaka 1977, mahakama yao ya rufaa ilikubali kwamba kutojua sheria kwa kweli kunaweza kuwa utetezi. Mwanamke yule alikuwa anatoka nchini na fedha pamoja na vito. Kwa upande wa fedha aliangukia pua, kwa sababu mahakama iliona alijua fika. Kwa upande wa vito aliachiwa. Ujerumani nayo inauliza swali moja: je, mtu huyu angeweza kuepuka kutojua kwake? Kama hakuwa na njia, hana hatia. Kama angeweza kuuliza asiulize, hatia ipo ila adhabu inaweza kupunguzwa.

Mimi ningependa mahakimu wetu waliweke swali hilo la Wajerumani mezani kila wanapopanga adhabu. Hatuna haja ya kubadilisha kanuni ya hatia. Mwongozo wa adhabu wa mwaka 2013 tayari unampa hakimu nafasi ya kutazama mazingira ya mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama amejuta. Mtu aliyefika juzi kutoka Kivu na kukamatwa kwa kukata miti ya hifadhi asipimwe kwa kipimo kimoja na mfanyabiashara wa mkaa anayejua njia zote za kukwepa askari wa misitu. Wote wawili wana hatia. Adhabu yao isilingane.

Serikali nayo ina deni hapa, na hili lisemwe bila kumung'unya maneno. Ibara ya 4 ya Katiba ya 1995 inaiagiza Serikali itafsiri Katiba katika lugha za Uganda, ihakikishe inafundishwa katika taasisi zote za elimu na kutangazwa kupitia vyombo vya habari. Ibara ya 28 inasema hakuna mtu atakayetiwa hatiani kwa kosa ambalo halijaelezwa na sheria pamoja na adhabu yake, wala kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa siku kilipotendeka. Ukiziweka pamoja, maana yake iko wazi: anayemwambia raia "ulipaswa kujua" lazima kwanza amwezeshe kujua. Sheria zinatungwa kwa Kiingereza, zinachapishwa katika Gazeti la Serikali ambalo mvuvi wa Kasensero halioni, kisha zinamfuata ziwani. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini ni sheria ngapi za jinai umewahi kuzisoma kwa Kiswahili hapa Uganda?

Mahakama ya Katiba imeonyesha kwamba hoja hii ina meno. Desemba 2022 ilifuta vipengele vya kosa la uzururaji ambavyo kwa miaka mingi vilitumika kuwasomba vijana mitaani. Januari 2023 ikafuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichohusu "mawasiliano ya kuudhi". Maneno ya vifungu hivyo hayakuwa na mpaka unaoeleweka. Sheria ambayo hata wakili hawezi kukuambia inaanzia wapi, mwananchi ataijuaje?

Ila kuna mahali ambapo kisingizio cha kutojua, au cha "kwetu ndivyo tunavyofanya", hakina nafasi hata chembe. Sheria ya mwaka 2010 inayokataza ukeketaji imesema wazi kwamba mila na dini si utetezi. Na kwa kuwa familia za Sebei na za Wapokot huvuka mpaka kwenda na kurudi, sheria hiyo inafuata hata kitendo kilichofanyika nje ya Uganda ikiwa msichana ni mkazi wa hapa. Kumpeleka binti Kenya ili akakeketwe huko hakumsaidii mzazi. Kenya nao wana sheria yao ya mwaka 2011, kwa hiyo anaweza kukamatwa upande wowote wa mpaka.

Tuvuke mpaka sasa, maana huko ndiko watu wetu wanakoumia zaidi. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Kisheria ndivyo ilivyo: unapoingia nchi ya watu, sheria yao inakushika tangu hatua ya kwanza, na ile uliyoiacha nyumbani haikufuati kukutetea. Mwaka 1836 mtu kutoka Baghdad alishtakiwa London kwa kitendo ambacho, alisema, kwao si kosa. Majaji wa Uingereza waliikataa hoja hiyo, na mpaka leo mahakama za nchi nyingi hujibu vivyo hivyo.

Hata hapa jirani, tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukipita Katuna kuingia Rwanda unahamia upande wa kulia wa barabara papo hapo. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, unayobebea nyanya Kampala ilipigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na Kenya ilipoanza ilitangaza faini ya hadi shilingi milioni 4 za kwao au kifungo cha hadi miaka 4. Miraa ndiyo inayonisumbua zaidi. Mkulima wa Meru anaiuza kama zao halali la biashara. Huku kwetu, ambako tunaiita mairungi, sheria ya dawa za kulevya iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 imeiweka kwenye mimea inayodhibitiwa pamoja na bangi. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014. Fungu lile lile linakuwa biashara, kosa, kisha kifungo, kadiri linavyosafiri.

Dawa za hospitali nazo zimewafunga watu wasio na nia mbaya yoyote. Mwaka 2017 mahakama ya Misri ilimhukumu mtalii Mwingereza miaka 3 kwa kuingia na vidonge 290 vya tramadoli. Alisema ni vya maumivu ya mgongo ya mpenzi wake na hakujua kwamba ni kosa. Falme za Kiarabu pia zinadhibiti tramadoli na kodeini, na msafiri anatakiwa apate kibali kabla. Mabinti wanaokwenda kufanya kazi za ndani Dubai waambiwe hili na wakala kabla ya kupanda ndege, tena kwa lugha wanayoielewa.

Kwenye dawa za kulevya hakuna mzaha hata kidogo. China, gramu 50 za heroini zinatosha kumfikisha mtu kwenye kifungo cha miaka 15, cha maisha au kifo, na mwaka 2014 raia wawili wa Uganda waliuawa huko kwa hukumu ya mahakama. Singapore, gramu zinazozidi 15 za heroini ni kitanzi, na sheria inamchukulia aliyekamatwa na mzigo kuwa anajua kilichomo mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Kijana Mnigeria, Iwuchukwu Amara Tochi, alikamatwa kwenye uwanja wa ndege wa Changi mwaka 2004 akiwa na gramu 727. Alisema aliambiwa ni mitishamba. Alinyongwa Januari 2007. Utetezi ambao hapa kwetu ungeuacha mzigo wa ushahidi mabegani mwa mwendesha mashtaka, kule ulikuwa mabegani mwake.

Je, kuheshimu sheria ya nchi nyingine ni kukubaliana na adhabu zake? Hapana. Mimi siikubali adhabu ya kifo, wala ya viboko. Hata hapa Uganda, katika shauri la Susan Kigula na wenzake, Mahakama ya Juu iliamua Januari 2009 kwamba hakimu hawezi kulazimishwa na sheria kutoa hukumu ya kifo bila kutazama mazingira ya kosa. Lakini kuikosoa adhabu ni jambo moja, na kudai kwamba raia wetu asiguswe na sheria ya wenyeji ni jambo jingine. Mwaka 1994 Singapore ilimhukumu kijana Mmarekani, Michael Fay, viboko 6 kwa kuharibu magari ya watu. Rais Clinton aliomba huruma, viboko vikapunguzwa hadi 4, lakini alichapwa. Nchi ndogo ilimsikiliza mkubwa, ikampa heshima yake, ikabaki na sheria yake. Uganda ikipata ombi la namna hiyo kwa ajili ya mgeni aliyekosa hapa, ingetaka kuwa na uhuru huo huo.

Kinachoweza kudaiwa bila aibu ni mwenendo wa haki. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unataka mgeni anayekamatwa aambiwe bila kuchelewa kwamba ana haki ya ubalozi wake kujulishwa. Marekani iliipuuza haki hiyo kwa ndugu wawili Wajerumani, akina LaGrand, waliouawa kwa hukumu ya mahakama Arizona mwaka 1999. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitamka mwaka 2001 kwamba Marekani ilivunja mkataba. Na mgeni anayekamatwa Uganda ana ulinzi wa Katiba sawa na mwenyeji: aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, apewe mkalimani bila malipo. Ukisikia karani anasema mkalimani analipiwa na mshtakiwa, mwambie hakimu hapo hapo.

Kwa anayesafiri: usibebe kifurushi cha mtu usichokifungua mwenyewe, hata akiwa ni shemeji. Dawa ziende kwenye pakiti yake pamoja na barua ya daktari, na kibali kiulizwe ubalozini kabla ya tiketi kukatwa. Ukikamatwa, usitie sahihi karatasi iliyoandikwa kwa lugha usiyoisoma. Taja nchi yako na uombe ubalozi, mara ya kwanza na mara ya kumi.

Familia iliyopata habari kwamba ndugu yao amekamatwa ng'ambo ianzie Wizara ya Mambo ya Nje, Kampala, na nakala ya pasipoti, jina la mji na tarehe aliyokamatwa. Huduma ya kujulisha ubalozi hailipiwi. Anayepiga simu akitaka atumiwe pesa "za kumweka sawa hakimu" hana hakimu yeyote, na kumtumia ni kosa jingine juu ya lile la kwanza.