Ukija klabu ya Kiingereza, usikiache Kiswahili mlangoni

Jumamosi moja mama muuza vitenge aliingia maktabani kwetu hapa Kampala, akaketi kwenye meza ya mwisho, akatoa mkobani bahasha ndogo ya dawa. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa haraka "2 x 3", na chini yake maneno mawili: "after food". Hakuja kujifunza sarufi. Alitaka kujua mwanawe ameze vidonge vingapi, saa ngapi, na kama ni lazima ale kwanza. Aliona haya kuuliza pale dirishani kwa sababu nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, na aliyemhudumia alisema mara moja tu, tena mbiombio.

Meza nzima iliacha ilichokuwa ikifanya. Kijana mmoja wa Kiganda, mwalimu wa sekondari, akasoma pole pole: "Two tablets, three times a day." Mama akatafakari, kisha akasema, "Yaani viwili, kutwa mara tatu, baada ya chakula." Yule mwalimu akachukua kalamu, akaandika "kutwa mara tatu" kwenye daftari lake. Alikuwa hajawahi kuyasikia maneno hayo. Dakika mbili hazijaisha, kila mmoja ameshamfundisha mwenzake, na wala hakuna aliyesimama mbele ya ubao.

Watu wakiniuliza klabu ya mazungumzo ni kitu gani, huwa nawasimulia habari ya bahasha ile. Klabu si darasa. Haina ada, haina mtihani, haina wa kwanza wala wa mwisho. Ni saa mbili kwa wiki ambapo watu wanakaa pamoja kuzungumza lugha wanayotaka kuimudu. Maktaba inafaa kwa shughuli hii kwa kuwa haimuulizi mtu vyeti: mwanafunzi, mchuuzi, askari mstaafu na mkimbizi wote wanapita mlango mmoja. Wapo wanaoshangaa kwamba maktaba inaruhusu kelele. Ukumbi wa kusomea unabaki kimya chake. Klabu inakaa chumba cha pembeni.

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na theluthi moja hivi yao wametoka Kongo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini, ndiyo maana wengi hawakubaki makambini Nakivale au Kyaka II bali wanaishi nasi mjini, Nsambya, Katwe, Makindye. Wamekuja na Kiswahili, wengine na Kifaransa juu yake. Hapa wanakuta fomu ni za Kiingereza, ripoti ya shule ni ya Kiingereza, usaili wa kazi ni wa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa darasa la tano kwao anaweza kurudishwa la pili kwa sababu ya lugha tu, ilhali hesabu anazijua. (Sokoni, niseme kweli, Kiganda kitakufikisha mbali kuliko Kiingereza. Sitaki mtu adanganyike kwa hilo.)

Upande wa pili wa meza kuna Waganda, Wasoga, Wanyankole na Waacholi, ambao Kiingereza wanacho lakini Kiswahili hawana. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ulikiweka Kiswahili kuwa somo la lazima katika madarasa ya mwanzo, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha utekelezaji wa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya lugha rasmi ya Jumuiya, na likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa kukifundisha hawatoshi. Mwalimu anapewa kipindi cha somo ambalo yeye mwenyewe hajalisoma, na mtaa wa pili kuna mama anayeota ndoto kwa Kiswahili lakini hana hata mtu wa kumsalimu kwa lugha hiyo. Kwa hiyo meza zetu zina kanuni moja: saa ya kwanza Kiingereza, saa ya pili Kiswahili. Aliyekuwa mwanafunzi saa tisa anakuwa mwalimu saa kumi.

Kanuni hiyo haikupatikana kirahisi, kwa sababu wengi wetu tulilelewa katika fikra tofauti, na fikra hiyo ina uhusiano na mji huu huu. Januari 1961, kwenye kilima cha Makerere, ulifanyika mkutano wa Jumuiya ya Madola kuhusu kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Mawazo yaliyotoka pale yalienea duniani: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza peke yake, mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho, mtoto aanze mapema iwezekanavyo, lugha nyingine zikitumiwa mno, Kiingereza kitashuka. Mwaka 1992 mwanaisimu Robert Phillipson aliyachambua moja moja na kuonyesha kwamba hayana msingi. Lakini mashuleni yalikuwa yameshaota mizizi. Mimi mwenyewe nilipokuwa shule ya msingi nilivishwa kibao shingoni kwa kutamka neno moja la lugha ya nyumbani. Nilikivaa hadi jioni. Siku ile sikujifunza Kiingereza chochote, nilijifunza kunyamaza. Bado nawaona watu wazima wakiingia klabu na kibao kile shingoni, ingawa hakionekani: wanafungua kinywa, wanakifunga.

Ndiyo maana nasema usikiache Kiswahili mlangoni. Mtu akijua lugha yake inafanyaje kazi, anajua pia Kiingereza kitamtegea wapi.

Chukua neno la maktaba yenyewe, kuazima. Kwa Kiswahili mwenye kitabu anaazima na mchukuaji anaazima. "Niazime kitabu" na "nimeazima kitabu" zote ni sawa, na hakuna anayechanganyikiwa. Kiingereza kimeligawa jambo hilo mara mbili: anayetoa ana "lend", anayechukua ana "borrow". Basi mtu anakuja kwenye dawati letu na kusema "Can you borrow me this book?", na pengine anachekwa. Asichekwe. Amefuata mantiki ya lugha yake kikamilifu. Mwambie tu kwamba kukopa na kukopesha ni maneno mawili, na hapa Kiingereza kimefanya vivyo hivyo kwa kuazima. Akishaona mfano huo, harudii kosa.

Au swali la kukanusha. "Hukula?" Ukiwa hukula, kwa Kiswahili unajibu "Ndiyo, sikula," yaani umekubaliana na maneno ya aliyeuliza. Mwingereza anaangalia tendo lenyewe: kama chakula hakikuliwa, jibu ni "No". Sasa fikiria mgonjwa anaulizwa kwa Kiingereza, "You didn't take the medicine?" Hakuitumia, anajibu "Yes". Daktari anaandika ameitumia. Zoezi hili tunalifanya karibu kila mwezi, tunaulizana maswali kama hayo tukizunguka meza, na shauri letu ni moja: usiishie kwenye ndiyo au hapana, malizia sentensi. "No, I didn't take it." Hapo hakuna wa kukuelewa vibaya.

Kuna mahali Kiswahili kinakupa mtaji. Sauti ya mwanzo ya "think" unayo tayari ndani ya thelathini, na ile ya "this" unayo ndani ya dhahabu. Anayesema selasini na zahabu, kama wanavyosema wengi wa bara na Kongo, azoeze kwanza maneno hayo mawili ya Kiswahili, ulimi ukigusa meno, ndipo ayaguse ya Kiingereza. Tabu iko kwenye irabu. Sisi tunazo tano tu, Kiingereza kinazo nyingi mno, kwa hiyo meli na kondoo, "ship" na "sheep", zinatoka kinywani kwetu kama neno moja. Hilo halimalizwi kwa wiki moja, na wala si kikwazo kikubwa cha kueleweka.

Na "pole"? Ukijikwaa Kampala, mpita njia atakwambia "sorry", na wewe unaelewa kwamba anakupa pole. Ukijikwaa London, anayesema "sorry" kwa kawaida ni yule aliyekukanyaga. Vivyo hivyo "well done" ya Uganda, ambayo ni salamu kwa mtu aliye kazini, kama Waganda wanavyosema gyebale ko na sisi pole na kazi. Hayo si makosa. Ni Kiingereza cha hapa, na mtu akijue hicho na akijue cha mbali, achague kulingana na anayezungumza naye.

Mazoezi tunayoyatumia ni machache. Lililotusaidia zaidi linaitwa 4/3/2. Msimulie jirani yako jambo moja kwa dakika nne, kisha umsimulie mtu mwingine jambo lile lile kwa dakika tatu, kisha wa tatu kwa mbili. Kwa kuwa habari unaijua tayari, akili inaacha kuhangaikia cha kusema na inabaki na namna ya kukisema, ulimi unalegea. Wakati mtu anazungumza, hakuna kumkatiza. Mwongozaji anaandika makosa mawili matatu, anayaleta mwishoni bila kumtaja aliyeyafanya. Kwa kusoma tunatumia hadithi za African Storybook, tovuti iliyoanza mwaka 2014, ambako hadithi moja unaweza kuipata bure kwa Kiswahili, kwa Kiganda na kwa Kiingereza. Isome kwanza kwa lugha unayoijua. Huko si kudanganya.

Saa ya Kiswahili nayo ina changamoto yake. Mwalimu anataka Kiswahili sanifu cha kitabuni. Mama wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, anasema aksanti, butoto, bugali. Wiki za mwanzo wenzake walimsahihisha kila neno, na akakaribia kuacha kuja. Sasa ubao una safu mbili, upande mmoja "kwetu tunasema", upande wa pili "kitabuni wanaandika". Bugali na ugali, butoto na utoto: ukiziona zimepangwa hivyo unagundua kwamba ni kanuni ile ile ya lugha, na Mganda aliyezoea kiambishi obu- cha kwao anakielewa Kiswahili cha Bukavu upesi kuliko mtu wa Unguja.

Lazima niseme pia kwamba kwa Waganda wengi Kiswahili kina kovu. Gavana wa kikoloni William Gowers alikipigania miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, akakipinga kwa kuhofia nafasi ya Kiganda. Idi Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa miaka mingi lugha hiyo ilisikika zaidi kwa wenye bunduki. Wazee wakiisikia wanakumbuka vizuizi vya barabarani. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliyokifanya lugha rasmi ya pili hayakuondoa kumbukumbu hiyo. Mzee mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake klabu aliniambia kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia hadithi ya watoto kwa Kiswahili.

Hapo ndipo siku za utamaduni zinapokuwa na maana. Nimehudhuria nyingi ambazo ni bendera, ngoma na sahani: wageni wanakula, wanapiga picha, wanaondoka bila kuongea na yeyote. Ile ni sherehe, na sherehe ni nzuri, lakini haibadilishani chochote. Tukileta chakula, aliyekipika anakaa nacho na kueleza. Sombe ya Kongo ni kisamvu cha Tanzania, majani yale yale ya mhogo. Ugali wa Nairobi ni posho ya Kampala. Kujibu "umepikaje?" kwa Kiingereza ni somo zima la vitenzi.

Jioni ya vitendawili ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mswahili anasema "Kitendawili!", anajibiwa "Tega!" Mganda anasema "Kkoyi kkoyi!", anajibiwa "Lya!" Kisha kila fumbo linapita katika lugha tatu. Nyumba yangu haina mlango: sema kwa Kiingereza, "My house has no door", na aliyelitambua yai anyooshe mkono. Anayeshindwa anatoa mji, kama desturi yetu. Mara ya mwisho yule mama wa vitenge alishindwa fumbo la Kiganda, akaulizwa atatoa mji gani. Wakamtajia Bukavu, kwao. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hapana, huo siutoi. Nawapa Kampala." Tukampigia makofi, na yule mwalimu akaomba ayarudie maneno hayo kwa Kiingereza. Akayarudia yote, bila kusita.

Mkutubi au mwalimu anayetaka kuanzisha klabu mahali pake aanze na meza moja, watu sita hadi wanane. Wakizidi, wawili wataongea na wengine watasikiliza. Siku na saa zisibadilike, hata mvua ya Aprili ikinyesha na mkabaki watatu. Waombe kila wiki walete karatasi moja waliyoshindwa kuielewa: barua ya shule, bahasha ya dawa, tangazo la kazi. Kabla karatasi haijazunguka mezani, jina na namba ya mtu vifunikwe. Na kama karatasi hiyo ni ya kesi, ya polisi au ya maombi ya ukimbizi, klabu isijaribu kuitafsiri. Msaidieni mwenyewe kuandika sentensi moja ya Kiingereza ya kuomba mkalimani, aifanyie mazoezi hadi aizoee, aende nayo.