Kahawa, Presha na Tumbo: Maswali na Majibu

Swali: Nikinywa kahawa moyo unanienda mbio. Ni nini hasa kinachotokea?

Jibu: Hiyo ni kazi ya kafeini. Mwili hutengeneza kemikali iitwayo adenosini. Kadiri unavyokaa macho ndivyo inavyozidi kujaa kwenye ubongo, nayo ndiyo inayokuletea usingizi. Kwenye mishipa ya damu, adenosini huilegeza ikatanuka. Sasa kafeini inafanana nayo kwa umbo, kwa hiyo huwahi kukalia nafasi yake. Usingizi unakatika, adrenalini, homoni inayoharakisha moyo, inaongezeka, baadhi ya mishipa inabana, na wengine husikia moyo ukidunda.

Kwa watu wengi kafeini hufika kilele kwenye damu dakika 30 hadi 60 baada ya kunywa, kisha huchukua kama saa 5 kupungua hadi nusu. Yaani kahawa uliyokunywa saa 11 jioni, ikifika saa 4 usiku nusu ya kafeini yake bado imo. Anayelalamika kuwa halali, nawaomba tuanzie hapo kabla ya kutafuta vidonge vya usingizi.

Swali: Nina presha. Niache kahawa?

Jibu: Si kila mwenye presha anapaswa kuacha. Asiyeizoea, namba yake ya juu inaweza kupanda kwa 5 hadi 10 kwa muda wa saa chache. Anayekunywa kila siku, mwili huzoea na ongezeko huwa dogo. Lakini kama presha yako bado iko 160 kwa 100 au zaidi, punguza kwanza, umweleze na daktari.

Njia nzuri ya kujijua ni kujipima. Kaa kitini dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu yote imegusa sakafu, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Pima, andika. Kunywa kikombe chako kama kawaida, rudia kipimo kati ya nusu saa na saa mbili baadaye. Namba ikiruka kwa 5 hadi 10, wewe ni miongoni mwa wanaoguswa sana na kafeini. Na ukienda kupimwa hospitali, usinywe kahawa nusu saa kabla, usije ukaongezewa dawa kwa sababu ya kikombe.

Swali: Nimesikia kahawa inaongeza kolesteroli. Ni kweli?

Jibu: Inategemea imeandaliwaje. Tazama kahawa iliyochemshwa pamoja na unga wake ikishatulia: juu utaona utando mwembamba wa mafuta unaong'aa. Ndani ya mafuta hayo kuna kafestoli, na hiyo ndiyo inayopandisha kolesteroli mbaya. Ukiipitisha kahawa kwenye chujio la karatasi, sehemu kubwa ya mafuta hubaki kwenye karatasi. Kwa anayekunywa vikombe vingi kila siku na kolesteroli yake tayari iko juu, karatasi hiyo ni msaada wa kweli.

Swali: Mbona nikinywa tu nasikia haja kubwa?

Jibu: Hauko peke yako. Utafiti wa mwaka 1990 ulipima mwendo wa utumbo mpana na kuona kwamba, kwa wanaoguswa na kahawa, ulianza kuongezeka ndani ya dakika 4. Kwa dakika 4 kahawa yenyewe haijafika huko. Tumbo ndilo linalotuma ujumbe kwa njia ya neva na homoni. Kahawa iliyoondolewa kafeini nayo ilifanya hivyo hivyo, kwa hiyo kafeini si sababu pekee.

Swali: Je, inaleta vidonda vya tumbo?

Jibu: Hapana. Vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Ila kahawa huongeza asidi tumboni, na kwa baadhi ya watu hulegeza mlango ulio kati ya umio na tumbo, ndiyo maana wengine hupata kiungulia. Kama unaumia kila ukinywa, usivumilie. Nenda ukapimwe.

Swali: Nina upungufu wa damu. Nikinywa kahawa baada ya kula kuna shida?

Jibu: Ipo, na hili linaniuma kwa sababu wengi hawaambiwi. Kahawa ina kemikali zinazoshikana na madini ya chuma, hasa yale yanayotoka kwenye nafaka, maharage na mboga, yakapita bila kufyonzwa. Katika utafiti wa mwaka 1983, kikombe kimoja kilichonywewa na mlo kilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 39. Kilichonywewa saa moja kabla ya kula hakikuleta tofauti. Cha saa moja baada ya kula kilizuia kama kile cha pamoja na chakula. Kwa hiyo itangulize saa moja kabla, au subiri saa mbili baada ya mlo. Vidonge vya kuongeza damu usivimeze kwa kahawa, tumia maji.

Swali: Na mjamzito?

Jibu: Asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, yaani kama vikombe viwili vidogo, akihesabu pia chai na soda za kola.

Swali: Nikiacha ghafla kichwa kinaniuma sana.

Jibu: Mishipa ya kichwani iliyozoea kubanwa inatanuka. Maumivu huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, na huweza kudumu hadi siku 9. Punguza nusu kikombe kila baada ya siku chache, na mengi ya maumivu hayo hutayapata.