Mzinga dhaifu kabla ya baridi: utitiri kwanza, sukari baadaye

Kila ifikapo katikati ya mwezi wa nane hapa Minnesota, wafugaji wenzangu wa Kiswahili huniuliza swali lilelile: mzinga wangu una nyuki wachache, niwape sukari kiasi gani wafike mwezi wa nne? Nami huwauliza: umeshahesabu utitiri? Wengi hawapendi jibu hilo, maana sukari inapatikana dukani usiku huu huu, na kuhesabu utitiri kunataka kuua nyuki.

Suala lenyewe ni umri wa nyuki. Nyuki kibarua wa kiangazi huishi wiki tano au sita, basi. Lakini wale wanaolelewa kuanzia mwishoni mwa mwezi wa nane hadi wa kumi ndio watakaokaa na malkia wakati wote wa theluji, na baadhi yao hufikisha miezi sita. Wanaweza hivyo kwa sababu tumboni wana tishu ya mafuta iliyoshiba protini. Mwaka 2019 mtafiti Samuel Ramsey na wenzake walionyesha kwamba utitiri wa varoa hula hasa tishu hiyo. Zamani tulikuwa tukisema unafyonza damu. Juu ya hapo utitiri hueneza virusi, na ndiyo maana unaona nyuki wachanga wakitambaa mbele ya mzinga na mabawa yaliyokunjamana.

Mwezi wa nane una hatari yake. Varoa huzaliana ndani ya vyumba vya majana (watoto wa nyuki) vilivyofunikwa. Malkia anapoanza kupunguza kutaga, vyumba hupungua huku utitiri ukiwa umefikia kilele, kwa hiyo wote hurundikana kwenye majana machache yaliyobaki, ambayo ndiyo nyuki wako wa baridi. Ukiwapa nyuki wa namna hiyo sukari, wataihifadhi vizuri tu. Mwezi wa pili utafungua mzinga mzito wenye akiba ya kutosha na kiganja kimoja cha maiti.

Kuhesabu ni hivi. Toa fremu (kiunzi cha mbao chenye sega) yenye majana, hakikisha malkia hayupo juu yake (angalia mara mbili, na pande zote mbili), kisha kung'uta nyuki kwenye beseni. Chota nusu kikombe, ambayo ni kama nyuki 300, uwatie kwenye chupa yenye spiriti, uzungushe kwa dakika moja, uchuje kwa wavu. Utitiri hubaki chini, wekundu wa kahawia, bapa, wadogo kama kichwa cha pini. Ukipata 9 maana yake ni 3 kwa kila nyuki 100, na kwa majira haya hapo huna tena muda wa kusubiri. Wapo wanaotumia sukari ya unga badala ya spiriti ili nyuki wabaki hai. Sikatazi, ila mara nyingi hesabu yake hutoka pungufu, na kundi dhaifu halina nafasi ya hesabu pungufu.

Kabla ya dawa, jua udhaifu umetoka wapi. Hakuna mayai wala malkia? Dawa haitamzaa. Majana yameoza, yana harufu mbaya, na ukichokonoa kwa njiti yanavutika kama uzi? Funga mzinga na uite mkaguzi wa nyuki. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, na usihamishe hata fremu moja.

Kama ni utitiri, toa masanduku ya asali ya kuuza, kisha chagua dawa kwa ukubwa wa kundi. Asidi ya fomiki naipenda kwa sababu hupenya hadi ndani ya vyumba vilivyofunikwa, lakini inataka joto la mchana kati ya nyuzi 10 na 29 hivi, na vipande vya Formic Pro, vyenye asidi hiyo, vinataka kundi linalofunika angalau fremu sita. Kwa kundi dogo kuliko hapo, natumia vipande vya amitrazi, dawa nyingine ya utitiri: kimoja kwa kila fremu tano za nyuki, katikati ya majana, wiki sita hadi nane, kisha unavitoa. Usiviache hadi masika. Utitiri sugu kwa amitrazi umeshapatikana Marekani, na tabia ya kusahau vipande inachangia. Kwa hiyo hesabu tena ukimaliza.

Wakati dawa inafanya kazi, wape kipande kidogo cha keki ya chavua juu ya fremu, kiasi wanachomaliza kwa siku chache, wapate protini ya kulelea majana. Shira nzito huja kuanzia mwanzo wa mwezi wa tisa: kilo 2 za sukari nyeupe kwa lita 1 ya maji. Usitumie sukari guru wala molasi, zinawaharisha nyuki waliofungiwa na baridi. Asali ya dukani pia usitumie, inaweza kubeba vijidudu vya ule ugonjwa wa majana. Kilishio kiwe ndani ya mzinga, na mlango uubane hadi upana wa kidole, maana nyuki wa mizinga jirani yenye nguvu huiba akiba ya mzinga dhaifu mchana mmoja.

Nyumbani, Tabora au Kitui, nyuki wakikosa chakula huhama zao, na varoa ingawa ipo, kwa kawaida wanaishi nayo bila dawa. Hapa hawana pa kuhamia. Mzinga kamili unahitaji kilo 35 hadi 45 za akiba; kundi dogo linahitaji pungufu, lakini si nusu. Fremu kubwa iliyojaa pande zote mbili ina kama kilo 2.5 hadi 3, hivyo hesabu fremu.

Mwisho wa mwezi wa tisa naamua. Kundi lisilofunika fremu tano, hata likiwa na malkia mzuri, naliunganisha: jioni naondoa malkia mmoja, naweka gazeti lenye mikato midogo juu ya mzinga wenye nguvu, na sanduku dhaifu juu yake. Wakimaliza kulitafuna gazeti, harufu zimeshachanganyika. Najua inauma kupunguza idadi ya mizinga. Lakini kamwe siunganishi kundi gonjwa na zima.

Mchana ukishuka chini ya nyuzi 10, acha shira, hawawezi kuikausha. Katikati ya mwezi wa kumi na moja, majana yakiwa yameisha, chagua siku tulivu uwamwagie nyuki asidi ya oksaliki, ya kuua utitiri uliobaki: gramu 35 kwa lita 1 ya shira nyepesi, mililita 5 kwa kila njia kati ya fremu zenye nyuki, isizidi 50 kwa mzinga mzima. Vaa glavu na miwani. Kisha tandaza gazeti juu ya fremu, mwaga kilo mbili za sukari kavu iliyonyunyiziwa maji kidogo, weka kizuizi cha panya mlangoni na ubao wa kuhifadhi joto chini ya kifuniko.