Je, wajua kwa nini karakana ya Kampala hukaa na watu wawili miaka kumi?

Ukishuka Ndeeba asubuhi, mtaa wa mbao pale Kampala, utaona mbao zinatembea. Kijana anavuka barabara na mbao nne begani, anapenya katikati ya bodaboda, anaingia uwanja wa jirani. Baada ya robo saa anarudi nazo zile zile, sasa zimelainika na kupungua unene. Bosi wake hana mashine ya randa. Anayo mwenzake wa ng'ambo ya barabara, naye hulipwa kwa kila kazi anayopitisha.

Matembezi hayo ya mbao ni nusu ya jibu la swali ninaloulizwa mara kwa mara: mbona Uganda inafungua biashara kwa kasi hivi, lakini ajira zinakuja kwa kudonadona?

Tuanze na hesabu. Sensa ya biashara iliyofanywa na Ofisi ya Takwimu ya Uganda mwaka 2010/11 ilikuta biashara zaidi ya 458,000. Ndani yake kulikuwa na watu milioni moja na kidogo wanaofanya kazi. Gawanya mwenyewe: watu wawili na ushee kwa biashara, mwenye mali akiwemo. Mwaka 2015 orodha moja iliyotolewa Uingereza ikaiweka Uganda nambari moja duniani kwa ujasiriamali, kwa kuwa zaidi ya robo ya watu wazima walikuwa na biashara changa. Watu walishangilia. Mimi sikupiga vigelegele. Pasipo na ajira ya mshahara mtu hufungua kibanda atake asitake, na wengi wa waliohesabiwa mle wangekuwa makarani au madereva kama kazi zingekuwepo.

Kwa vipimo vya serikali, biashara yenye watu wasiozidi 4 ni ndogo kabisa, ya watu 5 hadi 49 ni ndogo, na ya 50 hadi 100 ni ya kati. Shida basi haiko kwenye kuanza. Iko pale katikati, baina ya mtu wa pili na wa tano.

Turudi Ndeeba. Watafiti wakiongozwa na Vittorio Bassi walizunguka kwenye karakana zaidi ya 1,000 za Uganda, za maseremala, wachomeleaji na wasaga nafaka, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2022. Walichokikuta ndicho ambacho kila fundi anakijua: mashine kubwa zinakodishwa. Mashine ya kunyoosha mbao ni maelfu ya dola, na karakana moja yenye oda tatu kwa wiki haiwezi kuipa kazi ya kutosha. Kwa hiyo mmoja ananunua, majirani wanalipia matumizi. Ukiutazama mtaa kwa jicho hilo, ni kiwanda kimoja kikubwa kilichogawanyika vipande vipande, kila kipande na bosi wake. Nadhani ndiyo maana mgeni anayehesabu wafanyakazi mlango kwa mlango huondoka na huruma isiyo mahali pake. Udogo ule una akili yake. Ila mwenye kazi anayeweza kupata huduma ya randa bila kuinunua hana haraka ya kukua.

Nusu ya pili ya jibu niliipata kwa fundi mmoja, mzaliwa wa Arua, mzee anayepiga Kiswahili safi kuliko mimi. Alikuwa anapiga msasa ubao wa kichwani wa kitanda. Nikamuuliza, "Mzee, mbona hujaongeza mtu?" Hakuacha kusugua. Akanieleza safari ya pesa ya kile kitanda. Mteja ametoa advansi nusu. Siku hiyo hiyo ikaishia kwenye mbao, gundi, misumari na vanishi, na kidogo kilichobaki kikaenda kwa mwenye mashine. Kazi yenyewe ni wiki nzima, na wiki hiyo yote yeye na kijana wake wanakula kwa mkopo wa mama wa chakula aliye kona. Kitanda kikiisha, mteja anasema mwezi ukiisha. Ndiyo maana kijana halipwi kwa mwezi, analipwa kwa kipande: kitanda kikitoka, pesa ikiingia, anapata fungu lake.

"Huyo wa tatu, ndugu yangu, nitamlipa na vumbi?"

Hapo mtu atasema, aende benki. Benki itamwuliza hati ya ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Buganda, ufalme unaoizunguka Kampala, ni mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, kati ya ufalme huo na Waingereza. Ardhi iligawiwa kwa maili za mraba, na jina likabaki hivyo hivyo. Wengi wanaoishi juu yake wana kibanja tu: haki ya kukaa na kulima, huku hati ikiwa kwa mtu mwingine. Kibanja unaweza kukirithisha, lakini benki nyingi hazikitaki. Na hata ukiwa na hati, riba ya mkopo wa biashara kwa shilingi huzungukia asilimia 20 kwa mwaka. Benki nazo zina mahali pengine pa kuweka pesa: hati fungani za serikali za miaka mingi zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 15. Serikali haihami usiku na randa zake. Ungekuwa wewe mwenye benki, ungemkopesha nani?

Mwaka 2019 ilipitishwa sheria ya dhamana ya mali zinazohamishika. Sasa mashine, stoku ya dukani, gari, hata deni unalodai, vinaweza kusajiliwa kuwa dhamana. Ni sheria nzuri na ilichelewa mno. Bado lakini afisa wa mikopo anajua kuuza kiwanja. Kuuza msumeno uliotengenezwa Katwe, mtaa wa mafundi chuma wa Kampala, na fundi asiyeacha hata namba ya toleo ni mtihani mwingine.

Kuna jambo la tatu, na hili watu wa semina hulirukia. Fundi akipata faida nzuri, mara nyingi haingizi kwenye karakana. Ananunua bodaboda, au anajenga vyumba viwili vya kupangisha, vile ambavyo Kampala vinaitwa muzigo. Wataalamu wanasema hana maono. Mimi naona ana kumbukumbu. Mwaka 1972 Idi Amin alifukuza Waasia, na maduka yao yakagawiwa watu ambao mitaani walibatizwa mafuta mingi; wengi wao walimaliza stoku wasijue pa kuagiza nyingine. Ikafuata miaka ya magendo na bei za kupaa. Mei 1987 sarafu ikabadilishwa: sifuri mbili zikakatwa, na juu yake serikali ikachukua asilimia 30 ya pesa iliyokuwa ikibadilishwa. Aliyekuwa na noti alipoteza, aliyekuwa na matofali hakuguswa. Mzee aliyeyapitia hayo hatamwambia mwanawe aweke mayai yote kwenye karakana moja.

Kodi nayo ina sehemu yake. Mauzo yakivuka shilingi milioni 150 kwa mwaka unatakiwa kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, na ankara zipite kwenye mfumo wa kielektroniki wa EFRIS. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka wakiulalamikia. Kubaki chini ya mstari kuna utulivu wake.

Sasa, nini kinasaidia? Kaskazini mwa Uganda kulifanyika jaribio la maana. Kuanzia 2008 serikali iliwapa vijana waliojiunga vikundi takriban dola 400 kila mmoja, ili wajifunze ufundi na kununua vifaa. Baada ya miaka minne mapato yao yalikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko ya wenzao waliokosa. Baada ya miaka tisa, wenzao walikuwa wamewafikia. Pesa iliwaharakisha kuanza. Ngazi ya pili haikuwepo. Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi na Mpango wa Maendeleo ya Parokia (parokia hapa ni eneo dogo la utawala, si la kanisa) uliozinduliwa 2022, unaopeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parokia, milioni moja kwa kaya. Milioni moja inanunua nguruwe na kuku. Hainunui randa, wala haimlipi mtu wa tatu miezi mitatu akingoja wateja walipe.

Jaribio jingine, lililoanza 2012, lilifuata vijana waliopelekwa vyuo vya ufundi na wengine waliowekwa moja kwa moja karakanani, mwajiri akilipwa awafundishe. Wote walipata nafuu, ila wa chuoni nafuu yao ilidumu zaidi, kwa kuwa cheti kilizungumza kwa bosi mwingine. Mwenye karakana naye anapumua: amchukue nani kati ya vijana ishirini wanaosimama mlangoni, kila mmoja akiapa anajua kazi?

Lakini kwa fundi wangu wa Ndeeba, cheti na mkopo vyote viko mbali. Mwaka jana shule moja ilimpa oda ya madawati. Wiki tatu zile alikuwa na watu watano, na mtu wa kupiga msasa peke yake, kazi ambayo siku zote huifanya mwenyewe usiku. Madawati yalipokelewa, yakakaliwa. Aliponionyesha ile karatasi ya kupokea mzigo, imekunjwa mara nne ndani ya kifuniko cha simu, bado alikuwa anadai. Wale watatu wa nyongeza wameshatawanyika. Mmoja yuko kwenye bodaboda, na akipita mbele ya karakana hupiga honi.